Je, Katuni za Wasichana Mashujaa Zawafaa Watoto Wadogo?



Wazazi kadhaa wa parishi yetu wametuuliza swali ambalo twaona si la kujibiwa kwa haraka mlangoni pa kanisa baada ya ibada. Swali lenyewe ni hili: Je, zile filamu za katuni ambamo wasichana wana uwezo wa ajabu, wanapambana na waovu na kuwaokoa watu wao, zawafaa watoto wetu wadogo? Wako wasemao kwamba huo ni mchezo tu, na mama mwenye kazi nyingi na ashukuru kama mtoto ametulia. Wako wengine wasemao kwamba huo ni uchawi uliopakwa rangi, na simu ifichwe kabatini. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekata shauri kabla ya kulichunguza jambo. Basi, tulichunguze.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Tukisema mtoto mdogo, twamaanisha yule ambaye hajatimiza miaka saba: wa nyumbani, wa chekechea, na yule ambaye ndiyo kwanza ameingia darasa la kwanza. Na kuhusu filamu, tutazungumzia hasa zilizotengenezwa hapa Afrika, maana hizo ndizo zenye sura na majina ya kwetu, nazo ndizo zinazowavuta wazazi wazione kuwa hazina shaka.

Filamu zenyewe

Ya kwanza ni Super Sema. Ilitengenezwa na kampuni ya Kukua ya Nairobi, ikaanza kuonyeshwa katika YouTube tarehe 8 Machi 2021, Siku ya Wanawake Duniani. Lupita Nyong'o, mcheza sinema mashuhuri, ni mmoja wa watayarishaji wake wakuu. Sema ni msichana wa miaka kumi. Yeye na nduguye pacha, MB, wanaishi mahali paitwapo Dunia, na wanapalinda na mtawala wa mashine asiye na moyo, jina lake Tobor. Lisome jina hilo kinyumenyume, utapata neno la Kiingereza la roboti. Silaha kubwa ya Sema si ngumi. Yeye hutumia sayansi, hesabu na ubunifu.

Ya pili ni Supa Team 4, iliyobuniwa na Malenga Mulendema wa Zambia, na kuanza kuonyeshwa na Netflix tarehe 20 Julai 2023. Humo wasichana wanne wa mji wa Lusaka wa siku zijazo wanaingizwa katika kazi ya kupambana na waovu na mama mmoja aliyestaafu ujasusi.

Tusisahau kwamba mambo haya ni mapya kwetu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Sisi tuliozaliwa zamani tulilelewa na redio, na kabla ya redio, na hadithi za bibi. Leo katuni iko ndani ya pindo la kanga ya mama, maana simu iko humo. Mtoto wa Igoma au wa Kirumba huweza kumwona Sema mara kumi kabla ya chakula cha mchana, wala hapana mtu aliyeketi karibu naye.

Shujaa si mgeni kwetu

Wale wasemao kwamba hadithi za mashujaa wenye uwezo wa ajabu zimeletwa na wageni, na wakumbuke hadithi ya Masala Kulangwa, ambayo Wasukuma wamewasimulia watoto wao tangu zamani. Palikuwa na zimwi liitwalo Shing'weng'we. Lilimeza watu wote pamoja na ng'ombe wao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha ndani ya lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, ndiye Masala Kulangwa. Mtoto alipopata akili akamwuliza mama yake watu wengine wako wapi. Akaambiwa. Akatoka kwenda kulitafuta zimwi. Akarudi na panzi, akidhani ndilo. Mama akamwambia kwamba huyo ni panzi. Akarudi na ndege, akarudi na mnyama mkubwa zaidi, na kila mara mama akamsahihisha. Mwishowe akalipata Shing'weng'we, akaliua, akalipasua, wakatoka baba yake na watu wote.

Katika Kisukuma masala ni akili. Maana yake ni kwamba karne nyingi kabla ya Sema, watoto wa pwani hii ya ziwa walikwisha kuwa na mtoto shujaa aliyeshinda kwa akili. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba jambo lenyewe, yaani mtoto kumshinda mwovu mkubwa katika hadithi, ni baya au ni geni. Tungekuwa tunawahukumu bibi zetu.

Walakini iko tofauti baina ya hadithi ya motoni na filamu ya simu, nayo si ndogo. Bibi alimjua mtoto aliyekuwa akimsimulia. Akiona macho ya mjukuu yamejaa hofu, alilipunguza zimwi. Akiona wamechangamka, alilikuza. Mtoto naye alilichora zimwi hilo katika fikira zake mwenyewe, kwa kadiri alivyoweza kulistahimili. Hadithi ikaisha, moto ukafunikwa, watu wakalala. Filamu haimjui anayeitazama. Yaonyesha picha ile ile kwa mtoto wa miaka kumi na kwa mdogo wake wa miaka mitatu aliyeketi ubavuni pake, na ikiisha huja nyingine bila ya mtu kuiita.

Mtoto mdogo hubakiwa na nini

Kila aliyepata kufundisha darasa la kwanza anajua kwamba mtoto mdogo hushika tendo, akaacha fundisho. Ukimsimulia habari ya mtoto aliyeiba embe, akaadhibiwa, akatubu, kesho atakusimulia juu ya embe. Filamu ya mashujaa huweka mapambano katikati, ikaweka fundisho mwishoni, penye maneno mengi na picha chache. Mtoto wa miaka minne huondoka na mapambano.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1961 Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwapa watoto wa chekechea nafasi ya kumtazama mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa. Watoto hao walipoachwa na mwanasesere, wengi wao walimpiga vivyo hivyo, hata kwa maneno yale yale waliyoyasikia. Mwaka 1963 alitoa matokeo mengine: waliokiona kitendo hicho katika filamu, hata kikifanywa na mtu aliyevalishwa kama paka wa katuni, nao waliiga.

Mwaka 2017 zilitolewa taarifa mbili nyingine za Marekani ambazo yafaa kuziweka pamoja. Katika ya kwanza, watoto 240 wa chekechea walichunguzwa. Wale waliozama zaidi katika mashujaa wa filamu walionekana kuwa wagomvi zaidi mwaka uliofuata, wala hawakuonekana kuwa wepesi zaidi wa kuwatetea wenzao wanaoonewa. Katika ya pili, watoto 180 wa miaka minne na miaka sita walipewa kazi ya kuchosha, huku kando kuna mchezo wa kuvutia. Wale walioambiwa wajifanye shujaa wa hadithi, kama vile Batman, ndio waliodumu zaidi katika kazi.

Je, taarifa hizi zapingana? Sisi twaona hazipingani. Katika ile ya pili, mtu mzima alimchukua shujaa akampa mtoto kama vazi la kufanyia kazi iliyo mbele yake. Katika ile ya kwanza, mtoto ameachwa na shujaa wake, amfuate apendako. Shujaa yule yule aweza kumfanya mtoto mvumilivu au mgomvi, na kinachotenganisha mara nyingi ni kuwapo kwa mtu mzima mwenye kusema na mtoto.

Liko pia jambo la usalama. Mwanza yetu ni mji wa mawe. Nyuma ya nyumba nyingi kuna jabali lenye urefu kupita paa. Mtoto wa miaka mitano akifunga kanga shingoni ili apae, hana haja ya kwenda mbali kutafuta pa kurukia. Na wale wakaao kando ya ziwa wana maji mbele ya mlango. Mtoto huyo si mjinga. Umri wake haujamwezesha kutenga kilicho kweli na kilicho mchoro, nasi hatuwezi kumdai kile ambacho bado hajapewa.

Adui ni nani?

Sasa tufikie jambo ambalo kwetu ni zito kuliko ngumi na kuliko kuruka. Kila filamu ya shujaa humfundisha mtoto namna ya kumtambua adui. Mtoto mdogo hawezi kumtambua kwa matendo yake, maana matendo huhitaji kufuatwa na kupimwa. Humtambua kwa sura. Wachoraji wa katuni wanalijua hilo, kwa hiyo humchora mwovu awe mwovu tangu anapotokea: kidole kirefu, kicheko kibaya, mgongo uliopinda, na mara nyingi macho mekundu.

Ndugu msomaji, sisi ni watu wa Kanda ya Ziwa. Kwa miongo mingi, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, akina bibi wazee wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi waliohukumiwa nao ulikuwa macho mekundu. Macho hayo yaliletwa na moshi. Bibi aliyepikia kuni na samadi kavu ya ng'ombe kwa miaka hamsini, ndani ya jiko lisilo na dirisha, awalishe wanawe na wajukuu, atakuwa na macho ya namna gani? Na kuanzia mwaka 2007 hivi nchi nzima ilipata aibu kwa mauaji ya watu wenye ualbino, mengi yakiwa katika kanda hii hii. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge, na jambo hilo lilisaidia kuwaonyesha watu kwamba huyu ni mama, ni raia, ni mtu. Lakini waliouawa hawakurudi.

Hatusemi kwamba wauaji hao walifundishwa na katuni. La hasha! Mauaji yalianza kabla ya katuni kufika. Twasema kwamba mahali ambapo watu wamekufa kwa sababu ya kuhukumiwa kwa sura, mzazi hana nafasi ya kulichukulia jambo hili kama mchezo. Kumfundisha mtoto wa miaka minne, mara kwa mara, kwamba mwovu hujulikana kwa macho yake, ni kumwagilia mbegu ambayo udongo wake uko tayari.

Hapo twaweza kuwasifu waliomtunga Sema, kwa kuwa adui waliyemchagua ni mashine. Hakufanywa kikongwe, wala kiwete, wala mtu wa kabila fulani au wa rangi fulani. Mtoto aweza kumchukia Tobor bila ya kumchukia jirani. Hata hivyo Mkristo atauliza swali moja zaidi. Katika sura ya saba ya Injili ya Marko, Bwana wetu afundisha kwamba kinachomtia mtu unajisi hutoka ndani ya moyo wake. Hadithi ambayo uovu wote umewekwa kwa asiye na moyo, na wema wote kwetu sisi tulio nayo, haimfundishi mtoto kuuangalia moyo wake mwenyewe. Hilo halitoshi kuifanya filamu iwe mbaya. Lakini laonyesha kwamba filamu peke yake haitoshi, na kwamba kuna kazi iliyobaki kwa mzazi.

Sikio la bibi kizee

Turudi kwa Masala Kulangwa, maana hatukuimaliza hadithi yake. Alipokuwa akilipasua zimwi ili watu watoke, kisu chake kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Bibi akatoka kwa hasira, akataka kumloga mwokozi wake. Watu wangeweza kumwona kuwa hana shukrani. Lakini Masala Kulangwa alitafuta dawa, akamtibu, na ndipo wakakaa kwa amani.

Twaona kwamba wazee waliotunga hadithi hii walikuwa na hekima ambayo filamu nyingi za leo hazina. Walijua kwamba hata anayefanya jema kubwa aweza kumwumiza mtu, na kwamba ushujaa wake haumwondolei deni la kumtibu. Tena angalieni: aliye na hasira katika hadithi hiyo ni bibi kizee mwenye kutishia kuloga, yaani yule yule ambaye wengine wangemwua. Shujaa hakumwua, alimpaka dawa.

Katika filamu nyingi za mashujaa, majumba huanguka, magari hupinduka, mwovu hutupwa mbali, kisha watu hushangilia. Hakuna arudiye kuuliza ni nani aliyekatwa sikio. Mtoto aliyemsukuma mwenzake katika mchezo wa mashujaa, akaambiwa aombe radhi, hujibu kwamba yeye ni mwema na mwenzake alikuwa mwovu. Mtoto huyo ameona nusu ya hadithi. Nusu ya pili atasimuliwa na nani?

Kuhusu wasichana

Wapo wanaouliza: kwa nini wasichana? Je, si kumfundisha binti kiburi? Kwa hilo hatuna shaka kubwa. Debora alikuwa mwamuzi wa Israeli, na jemadari Baraka hakukubali kwenda vitani bila yeye. Dada yake Musa alisimama kando ya mto, akakilinda kile kisafina, kisha akawa na ujasiri wa kusema na binti Farao. Na katika sura ya tano ya Kitabu cha Pili cha Wafalme yumo kijakazi mdogo, mateka, ambaye hata jina lake hatukuambiwa. Hakuwa na nguvu yoyote. Alisema na bibi yake neno moja kuhusu nabii aliyeko Samaria, na kwa neno hilo Naamani akapona ukoma. Ikiwa kijana wa kike wa leo aona katika filamu msichana aitwaye Sema, jina hilo twalipenda.

Tena wasichana wetu wana haja nalo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo havipatani na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Hapo palitakiwa mwanamke mmoja wa kusimama na kusema. Binti aliyelelewa asiseme kitu mbele ya watu wazima, atamwambia nani siku mtu mzima atakapomtendea ubaya?

Lakini liko onyo, nalo twaliweka mbele ya wazazi kwa uzito wote. Filamu hizi humwonyesha mtoto akiwaokoa watu wazima. Ni tamu kutazama. Katika maisha, hata hivyo, si kazi ya mtoto wa miaka kumi kumshinda mwovu, seuze wa miaka mitano. Binti aliyezoezwa kuamini kwamba msichana hodari hushinda, akishindwa na mtu mwenye nguvu kumpita, aweza kudhani kwamba kosa ni lake, hakuwa hodari vya kutosha. Basi na aambiwe wazi: kazi yako ni kusema, kazi ya kukulinda ni yetu. Mzazi asiyemwambia hivyo amemtwika mtoto mzigo wake mwenyewe, kisha akauita ushujaa.

Kuna filamu moja ya Kenya isiyo ya katuni iliyolielewa jambo hili vizuri, nayo ni Supa Modo ya mwaka 2018, ya Likarion Wainaina. Ndani yake msichana mdogo aitwaye Jo, mwenye ugonjwa usiopona, atamani kuwa shujaa wa ajabu, na kijiji kizima chashirikiana kuitimiza ndoto yake. Nguvu iliyomo humo ni ya majirani. Kwa sababu yasema habari za kifo hatuwapi watoto wadogo, lakini watu wazima wangefaidika nayo.

Na sisi wa ziwa hili tunao mifano isiyo ya filamu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Walikufa watu 19, wakaokoka 24. Miongoni mwa waliowahi kufika walikuwa wavuvi katika mitumbwi yao, na mmoja wao ni kijana Majaliwa Jackson. Hakuwa na vazi maalum wala uwezo wa ajabu. Alikuwa na mtumbwi, akaenda, naye akaumia. Watoto wetu waijue habari hiyo pamoja na habari za Sema.

Na Daudi je?

Hapa msomaji mwenye akili atatushika. Atasema: katika Shule ya Jumapili mwawafundisha watoto wadogo habari ya Daudi na Goliathi, kijana aliyempiga jitu kwa jiwe, kisha akamkata kichwa. Mwawezaje kuikataa katuni?

Pingamizi hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Tunakubali kwamba walimu wengi hulisimulia pigano hilo kama filamu: jitu, teo, jiwe, makofi. Wakifanya hivyo, hawana haki ya kuilaumu katuni. Lakini Maandiko hayakumwacha Daudi pale bondeni. Kijana yule yule alikuwa mfalme, akamtwaa mke wa Uria, akasababisha Uria auawe, na nabii Nathani akaja akamwambia usoni kwamba mwovu wa hadithi ni yeye. Shujaa wetu alihukumiwa, akalia, akatubu.

Hapo ndipo twakipata kipimo tulichokuwa tukikitafuta tangu mwanzo. Hadithi ya shujaa yamfaa mtoto ikiwa shujaa huyo aweza kukosea, akaambiwa, akatengeneza. Hadithi ambayo shujaa ni mwema daima kwa kuwa ni shujaa, na adui ni mwovu daima kwa kuwa ni adui, haimfai mtoto ingawa haina ngumi hata moja. Na kama hadithi yenyewe haina nusu ya pili, mtu mzima na aketi karibu aiongeze.

Shauri letu

Kwa hiyo twajibu hivi.

Mtoto asiyetimiza miaka miwili asipewe picha za simu wala televisheni kabisa. Kwa wa miaka miwili hadi minne, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba wasizidishe saa moja kwa siku, na pungufu ni bora. Kwao, badala ya mashujaa, ziko katuni za Ubongo ya Dar es Salaam, ambayo imekuwa ikiwatengenezea watoto wetu vipindi tangu mwaka 2014. Katika Akili and Me, Akili ni msichana wa miaka minne aishiye chini ya Kilimanjaro, ambaye huota ndoto na kujifunza herufi na hesabu pamoja na rafiki zake wanyama. Hapana haja ya adui ili mtoto wa umri huo afurahi.

Mtoto wa miaka mitano na sita aweza kuonyeshwa Super Sema, kipindi kimoja, mtu mzima akiwa karibu, kisha simu izimwe, wazungumze. Aulizwe mambo matatu: Tobor amefanya kosa gani? Je, Sema naye amekosea mahali? Na wewe ukiona mtu anaonewa, utamwambia nani? Swali la kwanza humzoeza kupima tendo badala ya sura. La pili humwonyesha kwamba hata mwema hukosea. La tatu humpa jina la mtu mzima wa kukimbilia. Mtoto asipoweza kulijibu la tatu, kosa si lake.

Kuanzia miaka saba na kuendelea, Super Sema haina neno. Supa Team 4 na zinazofanana nayo zingojee mpaka mtoto aweze kusimulia filamu mwanzo hadi mwisho pamoja na sababu zake.

Tunajua jibu la akina mama wengi. Mama anayetoka saa kumi alfajiri kwenda mwaloni kununua dagaa, akawaanike, akawauze, kisha arudi apike, atapata wapi nafasi ya kuketi kuuliza maswali matatu? Huyo hatumlaumu. Simu imekuwa yaya kwa sababu yaya mwingine hayupo, na kumwambia aifiche bila kumsaidia ni maneno ya bure. Kila mtoto aliyebatizwa katika kanisa letu alisimamiwa na wadhamini waliojibu kwa sauti mbele ya watu wote kwamba watamlea katika imani. Wako wapi siku za Jumamosi? Wako pia wazee wastaafu wengi katika parishi yetu, wenye hadithi na wenye nafasi, nasi tumo katika hesabu hiyo. Twaomba Umoja wa Akina Mama na walimu wa Shule ya Jumapili wakubaliane juu ya saa mbili za Jumamosi alasiri ambapo watoto watakusanyika, wasimuliwe ya Masala Kulangwa, wasikie ya kijakazi wa Naamani, na wale wakubwa kidogo watazame kipindi kimoja cha Sema na kukizungumzia. Sisi tuko tayari kuanza. Atakayependa kushirikiana na amwone Kasisi baada ya ibada ya Jumapili.